Risasi Imempata, Mnyama Kaondoka: Kutafuta Kosa Unapopiga Kutoka Mbali

Choroa alikuwa amesimama akitupa ubavu, mita 430 kutoka tulipokuwa, kwenye mbuga wazi isiyo na hata kichaka cha kutusogeza karibu. Mgeni niliyekuwa namwongoza kuwinda alikuwa na bunduki ya .30-06, darubini nzuri na mkono uliotulia. Akapiga. Tukasikia kishindo cha risasi kugonga mwili, ule mlio kama mtu amepiga rungu kwenye gunia la mahindi. Choroa akaruka hatua mbili, akageuka, akaondoka na kundi. Tulimfuata mpaka jua likazama, tukapata matone matatu ya damu, basi. Asubuhi tumbusi ndio waliotuonyesha alipo, na fisi walishamaliza sehemu yote ya nyuma. Mchunaji alipofungua mbavu alikuta tundu jembamba kama kalamu limepita mapafu yote mawili, limetoka kwa ukubwa uleule lilioingia nao.

Mgeni alisema risasi ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa risasi ya shaba tupu, imetengenezwa ichanue ikiwa bado inakwenda mita 600 kwa sekunde au zaidi, na kwa umbali ule ilikuwa imebaki na kama 570. Imefanya kazi kama ilivyoundwa. Waliokosea ni aliyeichagua kwa umbali ule na sisi tuliosimama naye tusimwulize.

Nilifuata damu za wanyama waliopigwa na watu wengine miaka mingi kabla ya kuanza kuongoza wageni mwenyewe, na karibu kila nilipoletewa lawama juu ya risasi, mzoga ulitoa jibu lingine. Haya ninayoandika ni kwa wanaofanya kazi hii vitaluni, yaani kwenye maeneo ya uwindaji, kwa wenyeji wenye leseni, na kwa yeyote anayewinda kihalali popote alipo. Kenya waliufunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania unaendelea kwa leseni, chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na mnyama uliyemjeruhi ukampoteza huhesabiwa kuwa umemuua. Hata pasipokuwa na sheria hiyo, yule choroa aliondoka kuteseka na tundu kwenye mapafu, na hilo halilipiki.

Kasi kwanza, mengine baadaye

Risasi ya kuwindia huua kwa kuchanua. Ikigonga mwili, ncha hufunguka, kipenyo kinakua mara moja na nusu au mbili, na nyama na mapafu vinapasuliwa kwa upana huo. Kinachoifungua ni msukumo wa maji yaliyomo mwilini, na msukumo huo unategemea kasi. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, ncha haifunguki. Kasi ikizidi kiwango kingine, risasi inachanika vipande kabla haijafika ndani. Kila risasi ina mpaka wake wa chini na wa juu, na karibu matatizo yote ya masafa marefu yanaanzia kwenye kuvuka mpaka mmoja kati ya hiyo miwili.

Chukua bunduki ya .300 Winchester Magnum, risasi ya greni 180, yaani gramu 11.7, inayotoka mtutuni kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Ikiwa na umbo jembamba la kupasua hewa vizuri, mita 300 inafika na kama 720, na mita 500 inafika na kama 610. Nguvu inashuka haraka kuliko kasi, kwa kuwa hufuata kipeo cha pili cha kasi: mtutuni kuna jouli 4,700 na kitu, na kwenye mita 500 zimebaki kama 2,200. Ile .30-06 ya yule mgeni inaanzia kama 820 tu, kwa hiyo inafika mita 300 ikiwa na kasi ambayo .300 inayo ikikaribia mita 500.

Sasa weka mipaka ya risasi zenyewe. Za kawaida, zenye gamba la shaba na kiini cha madini ya risasi, nyingi zinahitaji kama mita 550 kwa sekunde ili zichanue sawasawa. Za shaba tupu ni ngumu zaidi, kwa hiyo kwa nyingi nahesabu 600, na nikitaka usalama naongeza. Zipo zilizotengenezwa makusudi kwa masafa marefu, gamba jembamba na kiini laini, ambazo watengenezaji wanasema huchanua hata chini ya 500. Kiwango hicho mara nyingi kimeandikwa kwenye boksi au kwenye maelezo ya kiwanda. Mgeni akifika kambini, mimi huliomba boksi kabla ya kuiangalia bunduki.

Lugha yetu inaita madini na kitu kinachorushwa kwa jina moja, risasi, na hilo linawachanganya vijana wapya. Wanadhani kila risasi ina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo kila moja ni laini. Tangu kampuni ya Barnes walipoanza kuuza risasi za shaba tupu mwaka 1989 hali si hiyo tena.

Kabla ya kutafuta kosa, tafuta mahali

Kosa la kwanza la masafa marefu hutokea baada ya risasi kutoka. Watu wote wanakimbilia mbele, wanafika mita 400 huko, na kila kichaka kinafanana na kingine. Yule mzee aliyenifundisha nyayo alikuwa ananizuia kwa mkono: “Mwanangu, usikimbilie damu. Kwanza nionyeshe aliposimama.” Kwa hiyo mtu mmoja abaki palepale ulipopigia, na darubini, akuelekeze kwa mkono kushoto au kulia mpaka ufike alipokuwa mnyama. Weka alama hapo, kitambaa au tawi lililovunjwa, ndipo uanze kusoma.

Sikio nalo lina kazi. Kwenye mita 500 risasi ile ya .300 inatumia kama theluthi mbili za sekunde kufika, na kishindo cha kugonga kinarudi kwako sekunde moja na nusu baadaye. Jumla ni sekunde mbili na zaidi. Anayepakia upya kwa fujo hatakisikia. Kishindo kizito, chenye mwangwi wa ndani, ni kifua. Mlio mkavu kama kuni inavunjika ni mfupa. Mlio laini wenye maji ni tumbo, na ukishausikia mara moja hutausahau.

Pale aliposimama tafuta manyoya kabla ya damu. Manyoya mafupi meusi au ya kahawia yametoka juu ya bega, marefu ya mgongoni yanaonyesha umepiga juu, meupe ni ya tumbo. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu. Nyekundu iliyoiva na nzito ni ini. Majimaji ya kijani yenye vipande vya majani ni tumbo, wala huna haja ya kuelezwa. Kumbuka pia alivyofanya alipogongwa: aliyepigwa moyo hurusha miguu na kukimbia chini chini kwa nguvu, aliyepigwa tumbo hukunja mgongo na kutembea.

Dalili: tundu jembamba kuingia, tundu jembamba kutoka

Huyu ndiye choroa wetu. Mnyama anakimbia mbali, damu haba, na ukimpata mapafu yametobolewa bila kupasuliwa. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kasi, na hesabu yake unaweza kuifanya juu ya boneti ya gari: umbali, kasi ya kuanzia, umbo la risasi. Ikiwa iligonga ikiwa chini ya mpaka wake, umeshapata jibu, na dawa ni mbili tu. Badilisha risasi uchukue laini zaidi, au sogea.

Ikiwa kasi ilitosha, angalia aina. Wapo wanaobeba risasi za kijeshi zenye gamba zima kwa sababu ni rahisi kupatikana au wanadhani kupenya ndiko kuua. Risasi hizo zimeundwa zisichanue. Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliwakataza wanajeshi kutumia risasi zinazochanua, baada ya kelele zilizozuka juu ya zile zilizotengenezwa Dum Dum karibu na Kolkata. Kile kilichokatazwa vitani kwa kuwa kinapasua ndicho anachokihitaji mwindaji ili mnyama afe upesi. Mtu atakujibu kwamba Bell, yule mwindaji wa zamani wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa bunduki ndogo ya 7x57 na risasi ngumu zisizochanua. Ni kweli, lakini aliwakaribia, akalenga ubongo, na aliujua mfupa wa kichwa cha tembo kuliko watu wengi kabla yake. Hilo halina uhusiano na swala aliye mita 400.

Sababu ya tatu ni njia ndefu lakini laini: risasi imepita kati ya mbavu mbili na kukuta mapafu tu, ambayo ni hewa na sponji. Risasi ngumu hapo haikutani na kitu cha kuifungua. Ndiyo maana kwa risasi za shaba nawaambia wageni walenge bega lenyewe. Mfupa wa mkono utaifungua hata kama kasi imeanza kupungua, na mnyama akivunjika bega haendi mbali.

Dalili: jeraha kubwa juu, ndani hakuna kitu

Hii ni kinyume, na inawashangaza wanaodhani shida iko mbali tu. Mgeni anakuja na risasi laini ya masafa marefu, ile inayochanua kwa kasi ndogo. Siku ya pili nyumbu dume anatoka kichakani mita 60. Risasi inagonga bega ikiwa bado karibu mita 870 kwa sekunde na inapasuka juu ya mfupa. Nyama ya bega imekuwa uji, ngozi imechanika upana wa kiganja, kifua hakijaguswa. Nyumbu anaondoka kwa miguu mitatu na anaweza kutembea siku nzima.

Ni tatizo la zamani. Mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, mwindaji John Nosler alimpiga yule mnyama mkubwa mwenye pembe wa kule wanayemwita moose, kwa bunduki ya .300 H&H, na risasi zake zikapasuka juu ya ngozi yenye tope lililokauka. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kusukuma. Mwaka 1948 alianza kuiuza. Bado naiona kwenye maboksi ya wageni wazee, na kwa pofu na nyumbu sina neno baya juu yake.

Dawa hapa haina njia ya mkato: risasi moja haiwezi kuwa bora kwa mita 50 na kwa mita 600. Anayekuja vitaluni kwetu, ambako nafasi nyingi huja chini ya mita 200, achague risasi inayostahimili karibu na akubali kupunguza umbali wa juu. Mimi nachagua hivyo kila mara. Anayetaka kubeba za aina mbili azipime shabaha zote mbili na aandike tofauti, kwa sababu hazitagonga mahali pamoja.

Dalili: alianguka kama kapigwa na radi, kisha akainuka

Watu wanashangilia, wanapeana mikono, wanatafuta kamera. Mimi hapo ndipo ninapoomba apakie tena. Mnyama anayeanguka papo hapo amepigwa ubongo, uti wa mgongo, au mifupa iliyo juu ya uti. Hii ya tatu humzimisha kwa dakika moja hivi, kisha anaamka na kuondoka mzima kabisa.

Nyumbu ndiye anayewanasa wengi. Ana nundu na nywele za shingoni, na kutoka mbali jicho linaweka katikati ya mwili juu kuliko ilipo. Kongoni ana mgongo wa mteremko, anadanganya vilevile. Ongeza kwamba wanyama wetu wana moyo na mapafu chini zaidi na mbele zaidi kuliko wageni walivyozoea kwao, ambako hufundishwa kulenga nyuma ya bega. Tunawaambia: panda na mguu wa mbele, simama theluthi moja ya mwili kutoka chini. Mgeni anakubali kwa kichwa, kisha wakati wenyewe ukifika mazoea yanamrudisha juu na nyuma. Ndiyo maana nina picha ya mnyama iliyochorwa kwa mkaa nyuma ya jiko la kambi, na kila mgeni anaonyesha kwa kidole kabla hatujatoka.

Kwa masafa marefu sababu ya pili ni kupima umbali vibaya. Bunduki ya .300 iliyopimwa shabaha mita 200 hushusha risasi zaidi ya mita moja ifikapo mita 500. Ukidhani ni 500 kumbe ni 450, utagonga sentimita 20 au hata 30 juu ya ulipotaka. Hapo umehama kutoka moyoni hadi juu ya uti. Bila kipima umbali cha leza, mtu asipige zaidi ya mita 250. Macho yetu ni mazuri kwa nyayo, lakini katika mbuga tambarare yenye mvuke wa joto hakuna jicho linalotofautisha 450 na 500.

Dalili: majimaji ya kijani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo dalili inayoumiza kuliko zote na ndiyo inayoongezeka tangu watu waanze kupenda kupiga mbali.

Anayepiga tumbo kwa bahati mbaya mita 80 ametetemeka. Anayepiga tumbo mita 450 huenda hakutetemeka kabisa. Upepo umefanya. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ni ule unaochezesha majani na vitawi muda wote, wala si wa kushikia kofia. Ukivuma kutoka ubavuni, risasi yetu ya .300 inasogezwa sentimita 4 kwenye mita 150. Hakuna anayejali. Mita 300 ni kama 17. Mita 500 ni karibu nusu mita. Sehemu ya moyo na mapafu ya choroa ni kama sahani kubwa ya kulia wali. Nusu mita ni kutoka katikati ya sahani hadi tumboni, au hadi mbele ya kifua.

Tena upepo haulingani njia nzima. Huku kwetu pametulia kwa sababu tuko nyuma ya kilima, katikati kuna korongo linalovuta hewa, na kule kwa mnyama unavuma upande mwingine. Nimejifunza kusoma nyasi ndefu za katikati kwa darubini, na vumbi la kwato za wanyama wenyewe, na yale mawimbi ya joto yanayolala upande mmoja upepo unapoyasukuma. Mawimbi yakichemka kwenda juu moja kwa moja upepo umekufa au unakujia usoni. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana mawimbi hayo humfanya mnyama aonekane juu kuliko alipo, na mimi mita 300 saa hizo sikubali.

Kuna na mguu wa mnyama. Theluthi mbili za sekunde ni muda wa kutosha kwa mnyama anayetembea taratibu kusogea zaidi ya nusu mita. Alikuwa anakula, umebonyeza, ameinua mguu kufuata jani lingine. Risasi ilikwenda uliposema iende na yeye hakuwapo tena. Hakuna bunduki, darubini wala kompyuta inayotibu hilo. Inatibiwa na kusogea.

Ukishaona kijani, usimfuate haraka. Akisikia hatua zenu atakwenda kilomita nyingi, akiachwa atalala. Kwingine hushauri kusubiri saa sita au zaidi. Kwetu kuna joto na kuna fisi, kwa hiyo mara nyingi tunasubiri saa mbili au tatu, tunaenda wachache, mmoja anasoma nyayo na mmoja anaangalia mbele tu na bunduki. Ikiwa risasi ililipasua ini pia, utamkuta amekufa si mbali. Ikiwa ni utumbo peke yake, mtaitumia siku nzima, na mgeni aambiwe mapema kwamba leo hatuwindi kingine.

Dalili: hakuna damu kabisa, na kishindo tulikisikia

Msikate tamaa, mara nyingi ameshakufa. Risasi iliyoingia juu ya kifua na isiyotoka inaacha damu ijae ndani kabla ya kumwagika. Kwa pofu ni kawaida: dume anafika kilo 700 na zaidi, ana mafuta yanayoziba tundu, na ngozi yake inateleza juu ya jeraha anapokimbia. Fuata nyayo badala ya damu, na ziangalie vidole: kwato zilizotanuka na kuchimba mbele ni za mnyama anayelazimisha mwendo. Kwa pofu nataka risasi nzito inayobaki na uzito wake, itoke upande wa pili na iache tundu la chini. Risasi laini ya masafa marefu kwa pofu dume ni kosa, hata mita ikiwa 300.

Dalili: shabaha inatawanyika, au tundu la karatasini limelala ubavu

Hii ni ya bunduki zaidi kuliko risasi, nitaipita haraka. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo risasi ya shaba yenye uzito uleule inakuwa ndefu, na risasi ndefu inahitaji kuzungushwa haraka zaidi na mifereji ya mtutu. Mtutu mwingi wa .30-06 huzungusha mara moja kila inchi 10 na unatosha kwa risasi nyingi, lakini mitutu ya zamani ya kalibari nyingine haitoshi. Ukiona karatasini tundu refu badala ya duara, risasi inayumba. Usiende nayo porini.

Ikiwa siku zote ilikuwa sawa na leo haiko sawa, kagua skrubu za darubini. Ndege mbili na mwendo wa gari wa muda wa saa tisa kwenye njia ya makorongo hulegeza chochote. Piga tatu kambini mita 100, na kama mgeni anakusudia kufika 300, apige 300, akiegemea vijiti vitatu, siyo meza. Bunduki inayokusanya sentimita 3 mita 100 juu ya meza inakusanya 15 mita 500 juu ya meza hiyohiyo. Juu ya vijiti, mtu akihema baada ya kutembea, zidisha. Na risasi zisiachwe kwenye dashibodi juani: baruti ikipata joto msukumo hupanda na shabaha inahama.

Wageni wengine hutegemea majedwali ya kiwanda yaliyoandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,200 na joto la mchana hewa ni nyembamba, risasi hubaki na kasi kidogo zaidi na hushuka kidogo pungufu. Ingiza joto na mwinuko wa mahali ulipo. Hata ncha ya plastiki ina habari yake: mwaka 2015 kampuni ya risasi ya Hornady, wakipima kwa rada, walitangaza kwamba ncha za aina nyingi zinalainika kwa joto la msuguano wa hewa zikiruka, na umbo linaharibika njiani. Wakabadilisha aina ya plastiki.

Kuweka mpaka wako

Fanya hesabu moja kabla ya safari. Tafuta umbali ambao risasi yako inashuka chini ya mpaka wake wa kuchanua. Kwa .30-06 na risasi ya shaba inayotaka 600, ni kama mita 390. Tafuta umbali mwingine, ule ambao ukiegemea vijiti na ukiwa umechoka unaweka risasi tano kwenye sahani bila kukosa hata moja. Wengi wetu, na mimi nimo, ni mita 200 hadi 250. Mpaka wako ni ule mfupi kati ya hiyo miwili. Upepo ukivuma, ukate tena. Nyati hayumo kwenye hesabu hii: kwake ni .375 kwenda juu kwa sheria, na karibu kiasi cha kumwona jicho.

Mgeni atakwambia kwao Marekani watu wanapiga mita 700. Wapo wanaopiga. Video hazionyeshi wale waliofuatwa siku mbili.

Risasi iliyokutwa chini ya ngozi

Mwambie mchunaji asiitupe. Mara nyingi inalala chini ya ngozi ya upande wa pili kama jipu gumu. Ioshe, ipime kwa mizani ndogo, pima na upana wake. Ya shaba mara nyingi inabaki na zaidi ya 90 kwa mia ya uzito wake ikiwa na majani manne yaliyofunguka. Jani lililovunjika ni la kasi kubwa au mfupa. Ya madini ya risasi iliyobaki na theluthi imepasuka. Vipande vyake vidogo husambaa kwenye nyama mbali na jeraha, vingine havionekani kwa jicho, kwa hiyo kata nyama iliyoviliwa damu na kiganja kizima kuizunguka kabla nyama haijagawiwa kijijini. Ulichokata usikiache wazi kwa tumbusi, kifukie. California walipiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019 kwa sababu ya ndege wao wakubwa wala mizoga waliokuwa wakifa kwa sumu yake.

Daftari langu lina safu sita: mnyama, umbali, risasi, kasi niliyoikadiria pale, alikimbia mita ngapi, na mchunaji alikuta nini. Kwa choroa yule nimeandika 430, shaba greni 180, 570, kama kilomita mbili, tundu la kalamu. Mstari unaofuata ni kongoni wa mgeni yuleyule, siku mbili baadaye, baada ya kutambaa saa nzima: 160, shaba greni 180, 720, mita 30, mapafu yote yamepasuka.